Punda Anapojikuna na Kunyonyoka Manyoya: Mwongozo kwa Mama na Mlezi

Umeamka alfajiri kwenda kumfungia punda madumu ya maji, ukakuta mafungu ya manyoya yamenasa kwenye ua. Nguzo anayofungwa imelainika kwa kusuguliwa. Ukimpangusa mgongoni, kiganja kinarudi kimejaa manyoya, naye ananyoosha shingo na kuchezesha mdomo wa juu kama anayekuomba umkune zaidi.

Swali linalokujia ni hili: je, anabadili manyoya tu, au ana ugonjwa? Ni vyema upate jibu mapema. Punda akiugua, maji hayafiki nyumbani, mzigo hauendi sokoni, na kazi yote inarudi mgongoni mwako. Yako pia magonjwa ya ngozi ya punda yanayompata mtoto anayemshika. Tena mara nyingine si kuwashwa kunakomuua punda, bali dawa iliyonunuliwa kwa haraka ili kumtibu.

Makala haya yatakusaidia kutofautisha kunyonyoka kwa kawaida na ugonjwa, kumpa punda nafuu kwa vitu ulivyonavyo nyumbani, kuepuka dawa za hatari, na kuwalinda watoto.

Kwa ufupi

- Punda anayebadili manyoya hujikuna kidogo, na chini ya manyoya yanayotoka kuna manyoya mapya, mafupi na laini.
- Ukiona ngozi tupu, magamba, vidonda au wadudu, huo si ubadilishaji wa manyoya. Ni ugonjwa.
- Kumpiga brashi kila siku ndiyo nafuu ya kwanza, na haina gharama.
- Usimwogeshe punda kwa dawa ya ng'ombe yenye amitraz. Inaweza kumuua.
- Usimpake oili chafu ya gari wala mafuta ya taa.
- Mtoto akitokwa na choa au mapunye, mpeleke kituo cha afya, na punda naye achunguzwe.

Kwa nini punda hunyonyoka manyoya?

Katika nchi za kaskazini zenye baridi kali, kama Uingereza, punda na wale farasi wadogo wenye manyoya mazito huota manyoya marefu kabla ya majira ya baridi. Baridi ikiisha, manyoya hayo hutoka kwa mafungu kwa muda wa wiki kadhaa. Jambo kubwa linaloongoza mabadiliko hayo ni urefu wa mchana. Mchana ukianza kurefuka, mwili wa mnyama hupata ishara kwamba wakati wa kuachia manyoya ya zamani umefika.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni tofauti. Karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Ndiyo maana punda wetu wengi hawana msimu mmoja wa kunyonyoka kwa wingi, bali hubadili manyoya taratibu, kidogo kidogo. Kwa hiyo punda mzima wa huku akianza ghafla kupoteza manyoya kwa mafungu, usiseme tu "ni msimu wake." Mchunguze.

Hata hivyo, wako punda ambao huwa na manyoya mengi, na hao ndio huonekana wakinyonyoka zaidi:

- Watoto wa punda. Huzaliwa na manyoya mengi yaliyovurugika kama sufi. Manyoya haya ya utotoni hutoka taratibu kwa miezi mingi, na wengine huwa bado na vishungi hata baada ya kutimiza mwaka.
- Punda wa nyanda za juu. Mahali kama Limuru, Kinangop, Mbulu au Makete, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi, nayo baridi huchangia manyoya kuwa mazito.
- Punda waliodhoofika. Punda mwenye njaa, minyoo au ugonjwa wa muda mrefu huchelewa kuachia manyoya ya zamani. Manyoya hubaki marefu, makavu na yasiyong'aa.
- Punda wazee. Baadhi yao hubaki na manyoya marefu hata wenzao wakishabadili. Hili nalo ni jambo la kumweleza daktari wa mifugo.

Mbona anawashwa?

Manyoya yaliyokufa hayadondoki yote mara moja. Hubaki yamenaswa kati ya manyoya mapya, yakashika vumbi, jasho na ukoko wa ngozi. Sehemu zinazobanwa na kamba, shogi au mikanda ya mkokoteni, jasho hukauka na kuyagandisha. Hapo ngozi huwasha, na punda hutafuta pa kujisugua. Kuwashwa huku ni kwepesi. Ukimpiga brashi, hutulia.

Tatizo ni kwamba manyoya mazito pia ni maficho mazuri. Chawa hupenda joto na giza la chini ya manyoya, na unaweza kukaa na punda wiki nyingi bila kuwaona. Mvua ikinyesha, manyoya ya punda hulowa kwa urahisi kuliko ya farasi na hukawia kukauka, na unyevu huo hualika vimelea vya ngozi. Kwa hiyo kunyonyoka kwa kawaida na ugonjwa vinaweza kufanana ukivitazama kwa mbali. Ili kujua tofauti, lazima ufunue manyoya kwa vidole.

Mchunguze hivi

Fanya kazi hii mchana, mahali penye jua. Mfunge punda kwa kamba fupi au mtu anayemzoea amshike. Simama kando ya bega lake. Usisimame nyuma yake, na watoto wasisogee huko. Zungumza naye kwa upole na uanze kumgusa shingoni kabla ya kwenda sehemu nyingine.

Tenganisha manyoya kwa vidole viwili mpaka uone ngozi, kisha ujiulize: chini ya manyoya haya yanayotoka, kuna nini?

Ukiona manyoya mapya mafupi, laini, yanayong'aa, na ngozi safi isiyo na magamba wala uwekundu, punda wako anabadili manyoya tu.

Ukiona ngozi tupu, endelea kuchunguza. Pitia sehemu hizi kwa utaratibu: chini ya singa za shingoni, nyuma na ndani ya masikio, mabegani, mgongoni, chini ya tumbo, kati ya mapaja, miguuni karibu na kwato, na shina la mkia. Yafuatayo yatakusaidia kutambua unachokiona.

Chawa. Ni wadudu wadogo wanaotembea polepole kati ya manyoya, hasa shingoni, mgongoni na kwenye shina la mkia. Mayai yao ni meupe na yamegandamana na unywele, hayadondoki ukiyapuliza. Punda mwenye chawa hujisugua sana, manyoya hutoka kwa viraka, na akizidiwa hudhoofika.

Upele. Husababishwa na wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Ngozi huwa nene, yenye magamba na mikunjo, na kuwashwa huwa kukali. Aina moja hukaa zaidi miguuni, na utamwona punda akipiga miguu chini au kujing'ata karibu na kwato.

Choa. Ni ugonjwa wa fangasi. Huonekana kama viraka vya mviringo visivyo na manyoya, vyenye unga wa kijivu. Mara nyingi hauwashi sana. Huanza sehemu zinazoguswa na matandiko, kichwani au shingoni.

Ukoko wa mvua. Hutokea punda akilowa kwa muda mrefu. Manyoya hushikana kwa magaga, na ukilivuta gaga moja linatoka na manyoya yake kama ncha ya brashi ya rangi. Chini yake ngozi ina majimaji. Ugonjwa huu humuuma punda zaidi kuliko kumwasha, kwa hiyo usimbandue magaga kwa nguvu.

Visubi. Ni wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Baadhi ya punda na farasi wana mzio wa mate yao. Hujisugua singa za shingoni na shina la mkia mpaka vinatoka vidonda, na hali huwa mbaya zaidi wakati wa mvua au karibu na maji yaliyotuama.

Minyoo ya mkundu. Punda husugua mkia peke yake, sehemu nyingine zikiwa salama. Ukiinua mkia unaweza kuona utando wa rangi ya manjano au kijivu kuzunguka mkundu. Hayo ni mayai ya minyoo.

Kupe. Hawa unawajua. Watafute ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya mapaja.

Nafuu unayoweza kumpa nyumbani

Ikiwa umeridhika kwamba punda anabadili manyoya tu, au wakati unamsubiri daktari, fanya haya:

1. Mpige brashi kila siku. Huhitaji brashi ya dukani. Gunzi kavu la mahindi, kumbi la nazi au kifundo cha nyuzi za mkonge hufanya kazi hiyo vizuri. Sugua kwa mizunguko midogo ili kulegeza manyoya yaliyokufa, kisha pangusa kuelekea manyoya yanakolala. Sugua kwa upole penye mifupa na usiguse vidonda. Dakika kumi zinatosha. Anza na sehemu zinazobeba matandiko.

2. Usiyang'oe manyoya kwa mkono wala kumnyoa kwa wembe. Manyoya yanayotoka yenyewe yatatoka. Yanayong'olewa huacha ngozi na maumivu, na wembe huacha majeraha na ngozi iliyo wazi kwa jua, baridi na inzi. Waambie watoto pia, kwani huona ni mchezo.

3. Mpe mahali pa kugaagaa. Punda hujikuna mgongo kwa kugaagaa vumbini. Mtengee sehemu yenye mchanga mkavu isiyo na mawe, misumari wala vioo. Mfungue kila siku baada ya kazi apate kugaagaa.

4. Asikose mwenzake. Punda wawili wanaoelewana husimama kichwa kwa mkia na kukunana kwa meno shingoni na mgongoni. Huo si ugomvi, usiwatenganishe. Lakini ikiwa mmoja ana chawa au choa, mtenge mpaka atibiwe.

5. Usimwogeshe ovyo. Maji ya kila siku hukausha ngozi na kuongeza kuwashwa. Akiwa mchafu sana, mwogeshe saa za adhuhuri siku ya jua, kwa maji mengi na sabuni kidogo isiyo kali, kisha msuuze mpaka povu liishe kabisa. Asilale akiwa amelowa. Sabuni ya unga ya kufulia humchubua ngozi, iache.

6. Safisha matandiko. Gunia, blanketi na shogi vilivyojaa jasho kavu ni kama msasa juu ya ngozi inayowasha. Vifue, vianike juani mpaka vikauke, na usimtandike punda akiwa amelowa mvua. Akiwa na kidonda mahali pa matandiko, apumzishwe mpaka kipone.

7. Osha michubuko midogo. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe, kisha safisha kwa kitambaa safi. Usipake majivu, tumbaku wala kinyesi.

8. Mkinge na visubi. Mfunge mbali na maji yaliyotuama, na mwingize bandani kabla ya magharibi. Visubi hawawezi kuruka vizuri penye upepo, kwa hiyo mahali palipoinuka panapopitisha hewa humsaidia.

9. Angalia chakula. Manyoya mapya hayaoti vizuri kwa mnyama mwenye njaa. Majani makavu ya kutosha, maji safi, jiwe la chumvi na dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari vitasaidia ngozi kuliko mafuta yoyote ya kupaka.

Fuata hatua hizi kwa wiki moja au mbili. Punda anayebadili manyoya ataonekana safi na mtulivu zaidi. Asipotulia, ana tatizo ambalo brashi haiwezi kulimaliza.

Dawa ya ng'ombe inaweza kumuua punda

Soma sehemu hii taratibu, na uwasomee wengine nyumbani.

Wafugaji wengi huwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Punda anapowashwa, wazo la kwanza huwa kumnyunyizia dawa hiyo hiyo. Nyingi kati ya dawa hizo zina kemikali iitwayo amitraz. Ng'ombe na mbuzi huivumilia ikichanganywa kwa kipimo sahihi. Kwa punda na farasi ni sumu. Hulemaza utumbo, chakula kikasimama na kuganda ndani, tumbo likafunga, na mnyama akafa kwa maumivu makali. Dalili huweza kuchelewa kuonekana, kwa hiyo usiseme "jana nilimnyunyizia na hakudhurika."

Kabla ya kununua au kutumia dawa yoyote:

- Tafuta neno AMITRAZ kwenye chupa. Ukiliona, dawa hiyo si ya punda.
- Mwambie muuzaji wa duka la dawa za mifugo waziwazi: "Ni ya punda." Usiseme tu "ya mifugo."
- Kama chupa haina lebo au imemiminwa kutoka chombo kingine, usiinunue.
- Usimpitishe punda kwenye josho la ng'ombe bila kujua ni dawa gani iliyomo.

Ikiwa umeshamwogesha kwa dawa yenye amitraz, msuuze mara moja kwa maji mengi ya sabuni, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama punda anaonekana mzima. Mwonyeshe chupa.

Vitu vingine vya kuepuka:

Oili chafu ya gari. Wengi huipaka kwa sababu chawa hufa kwa kukosa hewa. Lakini ina mabaki ya madini yenye sumu, huunguza ngozi kwenye jua, na punda huilamba. Mtoto anayemshika naye huipata mikononi.

Mafuta ya taa na petroli. Huchubua ngozi na kuacha vidonda vibaya kuliko vile ulivyotaka kuponya, na huweza kushika moto.

Sindano ya ng'ombe. Sindano ya ivermectin iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe isichomwe punda na mtu asiye daktari. Ipo dawa ya jina hilo ya kulishwa mdomoni, iliyotengenezwa kwa farasi na punda, nayo hupimwa kwa uzito wa mnyama. Husaidia dhidi ya upele na chawa wanaonyonya damu, lakini haiwamalizi chawa wanaotafuna ngozi. Ndiyo maana ni muhimu daktari ajue kwanza ni mdudu gani.

Chawa hutibiwaje?

Kwa kawaida daktari au afisa mifugo atachagua dawa ya kupaka au kunyunyizia ya kundi la pareto, yenye jina kama permethrin, cypermethrin au deltamethrin, na kukuonyesha kipimo. Mambo manne huamua kama chawa wataisha:

- Dawa irudiwe. Dawa huua chawa lakini si mayai. Baada ya wiki mbili hivi mayai huwa yameanguliwa, na usiporudia, unaanza upya. Fuata tarehe utakayopewa.
- Punda wote watibiwe siku moja, hata wasiojikuna.
- Vifaa vitibiwe pia. Fua magunia, kamba na blanketi kwa maji ya moto na uzianike juani. Visivyofulika viweke kando wiki mbili au tatu. Chawa hawaishi muda mrefu mbali na mnyama.
- Mtoto wa punda asipewe kipimo cha mkubwa. Mweleze daktari umri wake, na kama mama yake ananyonyesha au ana mimba, sema.

Pima dawa kwa chombo ambacho hakitarudi jikoni kamwe. Maji yaliyobaki usiyamwage karibu na kisima, mto au bwawa, kwa sababu dawa hizi huua samaki. Zinaweza kuua paka pia, kwa hiyo paka wasimsogelee punda mpaka akauke. Chupa tupu itoboe na kuifukia mbali na maji, au irudishe dukani kama wanapokea. Isitumiwe kuwekea maji, maziwa wala mafuta ya kupikia.

Watoto wako salama?

Chawa wa punda hawaishi kwa binadamu. Mtoto akimpanda punda mwenye chawa anaweza kumwona mmoja au wawili nguoni, lakini hawatazaana kichwani mwake. Chawa wa nywele za watoto hutoka kwa watoto wenzao.

Choa ni tofauti. Fangasi wa punda humpata binadamu kwa kumgusa mnyama, matandiko au brashi yake, na mbegu za fangasi hukaa kwenye vifaa miezi mingi zikiwa hai. Kwa mtoto huonekana kama duara jekundu lenye ukingo wa magamba mkononi, shingoni au usoni. Kichwani huitwa mapunye, na nywele hukatika.

Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya na ueleze kwamba nyumbani kuna punda mwenye viraka. Choa cha mwilini hutibiwa kwa krimu ya fangasi. Mapunye huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele. Usimpake krimu za steroidi zinazouzwa mitaani kwa ajili ya ngozi. Zitapunguza wekundu kwa siku chache, huku fangasi ikisambaa chini yake.

Upele wa punda nao unaweza kumwasha binadamu. Mara nyingi hupona wenyewe punda akitibiwa, lakini kuwashwa kukiendelea zaidi ya wiki mbili, au familia nzima ikijikuna usiku, nendeni mkapimwe.

Kwa hiyo, mpaka punda apone:

- Anayempiga brashi awe mtu mzima, avae nguo ya mikono mirefu na kunawa kwa sabuni baadaye.
- Watoto wadogo na mtu mwenye kinga dhaifu wasimshike.
- Mtoto wa punda asiingizwe ndani ya nyumba wala kulala na watoto, hata awe mzuri namna gani.
- Manyoya yanayotoka yakusanywe na kuchomwa, yasiachwe uani watoto wanapochezea.

Usilisahau pia jina la ugonjwa tunaoujua sote: pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, kikiwemo cha punda. Punda mwenyewe huugua pepopunda kwa urahisi kupitia vidonda, hata vile vya kujisugua, kwa hiyo muulize daktari kuhusu chanjo yake. Kwa upande wako, hakikisha watoto wamekamilisha chanjo, mama mjamzito amepata zake, na kamwe kinyesi au udongo usipakwe kwenye kidonda wala kitovu cha mtoto mchanga.

Mwite daktari wa mifugo haraka ukiona haya

- Punda ameacha kula, au amekula kidogo sana kwa siku nzima. Punda huficha maumivu. Kwa mnyama huyu kukosa hamu ya kula ni dharura, kwa sababu mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuharibu ini.
- Anajigaragaza mara kwa mara, anatazama ubavu wake, au hajatoa kinyesi.
- Vidonda vina usaha, harufu au funza.
- Viraka vinaongezeka, au punda wa pili ameanza kujikuna.
- Anadhoofika huku manyoya yakibaki marefu na makavu.
- Mwili umekakamaa, masikio yamesimama, taya halifunguki. Hii inaweza kuwa pepopunda.
- Anajing'ata kwa ukali sehemu moja ya mwili, amebadilika tabia, anatokwa na mate mengi au sauti yake imebadilika. Hiki kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni, watoe watoto wote, mfungie peke yake kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama, na piga simu mara moja. Mtu aliyeumwa au kuguswa na mate yake kwenye kidonda aoshe sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, bila kusubiri punda afe.

Kama unaishi mbali na daktari, mtafute afisa mifugo wa kata, au ulizia kama kuna kliniki ya punda eneo lenu. Lamu, kwa mfano, ambako punda hupita na mizigo kwenye vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia, imekuwa na kliniki ya punda tangu miaka ya 1980. Mahali pengine wataalamu huja siku ya soko au siku ya chanjo. Ukienda, mpeleke punda mwenyewe, si manyoya yake, na beba chupa ya dawa yoyote uliyokwisha kutumia.

Anza leo jioni

Kazi ikiisha leo, mfungue punda mizigo, mwache agaegae, kisha chukua gunzi umsugue kwa dakika kumi. Unapomsugua, funua manyoya sehemu tatu: shingoni, mgongoni na kwenye shina la mkia. Ukikuta manyoya mapya yameota chini yake, endelea kumsugua kila jioni mpaka ya zamani yaishe. Ukikuta ngozi tupu, weka gunzi chini, nawa mikono, na umpigie daktari kabla hujafikiria dawa yoyote.